Likizo ya Mkono wa Kulia

Daktari aliushika mkono wangu wa kulia, akakikunja kidole gumba, mimi nikatazama dari asije akauona uso wangu. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia kinyozi. Akauachia taratibu, akasema mshipa wa gumba umevimba vibaya, nisishike mashine wala wembe mpaka uvimbe uishe, na nikiendelea kuulazimisha basi nianze kufikiria kazi nyingine. Aliyasema hayo huku anatafuta kalamu yake. Mimi kazi nyingine siijui. Nimeanza kunyoa watu kabla sijaota ndevu zangu mwenyewe.

Nilifunga duka. Haikusaidia kitu. Asubuhi yake jirani aliinua kichwa juu ya ukuta, akasema ana harusi, nimpunguze pembeni tu, hiyo wala si kazi. Jioni akaja mwenye nyumba na wanawe wote. Sasa mwenye nyumba utamwambiaje kwamba mkono unauma?

Marafiki zangu walikasirika kwa niaba yangu. Wako watatu, na kila Jumamosi hukaa kwenye benchi la duka langu wakinyolewa bure, maana tumekua pamoja na nilishindwa kuwadai tangu siku ya kwanza. Mmoja ni Fundi Bomba, ambaye bomba la jikoni kwangu linavuja mbele ya macho yake. Mwingine ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, karani kwenye ghala la saruji. Wa mwisho anauza viatu, lakini sisi tunamwita Mipango, kwa sababu hawezi kukaa mahali bila kuwapangia watu mambo yao.

"Hapa hutapumzika," Mipango akasema. "Wewe unatakiwa uende mahali usikokijua kichwa cha mtu."

Akakitaja kisiwa. Mchanga mweupe, minazi, chumba kinachotazama bahari, tunakwenda Ijumaa tunarudi Jumatatu, na kila kitu kimo ndani ya bei. Hilo la kila kitu kimo alilirudia mpaka mama watoto akamwuliza kama anauza kisiwa chenyewe. Tukachanga.

Mama watoto alinipakia nguo. Mashine yangu ya kunyolea akaiweka juu ya kabati, akasema hiyo haisafiri. Alipokwenda kuanua taulo niliishusha, nikaiviringisha ndani ya suruali. Sikuwa na nia ya kumnyoa mtu. Ni kwamba mashine ile siiachi peke yake, hata msibani naenda nayo.

Kisiwa ni kizuri, nisiseme uongo. Tuliposhuka kwenye boti tukalipia gati tuliyoikanyaga. Mizigo yetu ilibebwa kabla hatujauliza bei, tukalipia kutouliza. Kiti cha ufukweni kinakodishwa, na mwavuli wake unalipiwa mbali. Kifungua kinywa kimo, ila chai inalipiwa mbali. Maji ya kunywa yaliletwa kwenye chupa nzuri sana, nikajua tumekwisha. Kila mara Mipango alisema, "Hiyo haikuwamo kwenye mahesabu," kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa.

Fundi Bomba akasema hatuwezi kuja mbali kote huku tukarudi bila kuona samaki. Boti ya kuonea samaki nayo ilikuwa na bei yake. Wenzake ndio waliowaona samaki. Yeye aliona ndoo, njia nzima. Mimi nilibaki chini ya mwavuli, mkono umezama kwenye bakuli la barafu. Barafu ililipiwa mbali.

Lakini ule mkono ulisikia dawa. Jumapili asubuhi niliweza kufunga vifungo vya shati langu peke yangu, cha juu mpaka cha chini, kitu ambacho mke wangu ndiye aliyekuwa akinifanyia. Niliwaita waje waone. Shemeji alinipiga picha na vifungo vyangu. Nilifurahi kuliko nilivyoweza kuonyesha.

Mchana meneja wa hoteli akaleta bili. Mipango akaifungua, akaifunga, akampa Shemeji. Shemeji amezoea hesabu za saruji nyingi, ila hii aliisoma akatafuta kiti. Meneja akatueleza kwa adabu kwamba boti ya kurudi haimchukui mgeni ambaye hajamaliza deni lake. Alieleza huku anajikuna shingo. Nywele zilikuwa zimemfika kwenye kola, na mimi niliziona, huwezi kujizuia usione. Kosa ni kwamba Mipango aliniona nikiziona.

"Kinyozi wenu huja lini?" akamwuliza meneja.

"Mpaka avuke kutoka ng'ambo. Mwezi huu hajavuka."

Mipango akanigeukia. Fundi Bomba akaitazama bahari.

"Lakini mkono wake," Shemeji akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka sana kusikika.

"Isitoshe hana mashine," akasema Fundi Bomba.

Hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Kumwambia kinyozi hana mashine ni kama kumwambia hana suruali.

"Mashine ninayo," nikasema.

Tulikubaliana kichwa kimoja tu, cha meneja. Meneja alipojitazama kwenye kioo akamwita mpishi. Mpishi akawaita walinzi. Walinzi wakamwita nahodha wa boti, na nahodha ana ndevu za mtu asiye na mpango wa kurudi nyumbani. Kisha wageni wakaanza kupanga foleni na taulo zao. Wenzangu walinihudumia vizuri, hilo siwanyimi. Shemeji alifagia nywele, Fundi Bomba alimimina maji, Mipango alishika kioo na kutaja bei, na mashuka ya kufunga shingoni akayalipisha mbali. Kila kichwa kilipoondoka alinipiga begani akaniambia nina mikono ya dhahabu. Roho iliniuma mno, nami nikajikaza kisabuni. Kufikia jioni bili ilikuwa imeisha na gumba halikunjiki. Bahari sikuikanyaga hata kwa kidole cha mguu.

Mke wangu alinipokea mlangoni na kikombe cha chai. Niliupeleka mkono wa kulia kukipokea, kikombe kikapita katikati ya vidole kikaanguka. Aliutazama mkono, akalitazama begi, akaifungua ile suruali niliyoiviringisha. Alichukua tambara akafuta sakafu, na mimi ningependa anigombeze tu.

Jumamosi wakaja kama kawaida. Mipango akaketi kwenye kiti, akajifunga kitambaa mwenyewe, wenzake wakakaa kwenye benchi.

"Punguza tu," akasema. "Mkono vipi, umepata nafuu?"

Nikaiwasha mashine. Niliishika kwa mkono wa kushoto, ambao haujawahi kunyoa hata mbuzi. Akaniona kwenye kioo.

"Ndugu yangu, huo si wa kushoto?"

"Ndio. Huu ndio uliopumzika kisiwani."

Nilikuwa na hasira nao, nilikuwa naogopa, na sikuwa na kichwa kingine cha kujifunzia. Mipango angeweza kuinuka. Alifumba macho, akainamisha shingo. Njia ya kwanza ilipita kombo juu ya sikio, ya pili ikaifuata. Fundi Bomba akatoka nje bila kuaga, nikajua amekula kona. Baada ya muda mama watoto akapiga simu kuuliza kwa nini kuna mtu amelala chini ya sinki lake. Shemeji yeye alivua kofia, akaiweka magotini.

"Ukimaliza naye, mimi nafuata," akasema.

Nilipomaliza, Mipango alijitazama sana kwenye kioo, upande huu na upande ule. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akaniuliza kunyoa kwangu ni bei gani. Tangu ujana wetu alikuwa hajawahi kuijua.

Nikamtajia. Kitambaa, nikamwambia, kinalipiwa mbali.