Sauti Bila Picha

“Munaimba ao hapana? Naona midomo inacheza tu.”

Ujumbe wa Estelle ulitokea pembeni ya kioo cha kompyuta huku mvua ikishindilia mabati ya kanisa letu pale Kashuga. Mbele yangu wanakwaya, ndani ya vitenge vyao vipya vya kijani, walikuwa wanamaliza ubeti wa pili wa wimbo ambao mwenyewe aliyeutunga hakuwa anausikia.

Mwenyewe alikuwa Mama Libérata. Aliongoza kwaya yetu tangu nikiwa mtoto wa kukaa chini mbele ya madhabahu, na wimbo ule aliutunga mwaka tuliokimbia, tukarudi, tukakuta milango ya nyumba zetu imechomwa kama kuni. Sasa alikuwa amelazwa hospitali ya Kirotshe, karibu na ziwa, na rovu shingoni lililoanza kumkaba usingizini. Kesho yake angepasuliwa. Daktari hakumficha kitu: uvimbe ulikuwa umekumbatia mishipa ya sauti, na huenda angeamka bila sauti yake. Ndipo alipotuma neno kupitia kwa binti yake Estelle, kwamba anataka kuimba wimbo wake mara moja tena, pamoja na sisi. Barabara ilikuwa haipitiki. Tukabaki na kompyuta ya kwaya ya kumpigia kwa video, na mimi Naomie niliyeitunza.

Nilikuwa nimechoka uchovu ambao usingizi hauutibu. Katika kukimbia kwetu kwa mwisho niliibeba kompyuta ile kifuani, nimeifunga ndani ya kitenge kama kichanga, na tangu hapo mgongo wangu haukuwa umenyooka sawasawa. Nikainua mkono. Kwaya ikanyamaza katikati ya neno.

Taa za meza ya kuchanganyia sauti zilikuwa zimecheza vizuri wakati wa kuimba, kwa hiyo kosa halikuwa kwenye mikrofoni. Nikafungua mipangilio ya kompyuta. Ilikuwa inasikiliza tundu lisilochomekwa kitu. Nikaielekeza kwenye waya wa meza ya sauti, nikawaambia waanze tena.

“Inasikika,” Estelle akaandika. “Lakini iko mbili mbili, kama watu wanaimba ndani ya shimo.”

Mikrofoni ndogo ya kompyuta yenyewe ilikuwa wazi, inaokota spika za kanisa na mvua pamoja. Nikaifunga. Mwangwi ukafa. Nikashusha pumzi, na kabla sijaimaliza ujumbe mwingine ukaingia.

“Sasa inakatika-katika. Mama anaimba, munamuacha njiani.”

Niliusoma mara mbili. Nikafunga kila kilichokuwa wazi ndani ya mashine, nikapunguza ubora wa picha hadi nyuso zikawa madoa, na bado sauti ilikuwa inatafunwa. Mtandao wetu ulikuwa mwembamba kama uzi. Haungebeba picha na sauti kwa pamoja.

“Nazima picha,” nikasema.

Mama Emérita, aliyekuwa anaongoza mahali pa Libérata, akanijia mpaka mezani. “Naomie, hapana. Akiamka hana sauti, angalau awe alituona.”

Sikuwa na nguvu za kubishana. “Mama, picha tutamutumia hata kesho kutwa. Sauti njo iko na haraka.”

Alinitazama. Kisha akaitazama nguo yake, akaipangusa pajani kana kwamba kulikuwa na vumbi, akarudi kwa wenzake.

“Turudie,” akawaambia. “Polepole. Munajua fasi anapendaga kupumua.”

Nikazima. Kioo kikawa cheusi, kikabaki na mstari mmoja wa kijani unaopanda na kushuka. Waliimba bila kuangaliwa na mtu, macho wameyafumba, na kila walipofika mahali pa Libérata pa kupumua, wakapumua wote. Estelle hakuandika kitu tena.

Wimbo ulipoisha, ujumbe wa sauti ukaingia. Nikauunganisha na spika za kanisa.

Alikuwa ni Mama Libérata mwenyewe. Nyuma yake tulisikika sisi wenyewe, wadogo, ndani ya simu. Sauti yake ilikuwa imebanwa, imekwaruzika, lakini haikukosa noti hata moja. Mama Emérita akajifunika uso na ncha ya kitenge kipya. Mwishoni Libérata alikohoa, akatafuta hewa, akawaambia waimbaji wa sauti ya pili: “Alto, munachelewa.”

Tukacheka, tunalia.

Rovu lilitolewa salama. Sauti iliyobaki ilitosha kuomba maji na kusalimia mtu aliyekaa karibu. Barabara ilipofunguka alirudi, skafu shingoni, akawa anaketi kwenye benchi la mlangoni na kuondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Jumamosi moja ya mazoezi akaja upande wangu. Alivuta kiti, akanivua casque yangu ya kusikilizia, akaivaa masikioni mwake. Kwaya ikamwona, ikayumba, ikaendelea.

Alifumba macho kwa muda mrefu. Kisha kidole chake kikapanda kidogo, nami nikaipandisha sauti ya alto kwenye meza.