Tundu Namba Moja

Binti yangu ni kiziwi na anasomea uhasibu. Anayefundisha uhasibu kwa lugha ya alama ni mwalimu mmoja tu nchi nzima, naye yuko mji mwingine, kwa hiyo masomo yanafanyika kwenye kompyuta, sebuleni kwangu. Mwalimu anainua mkono kueleza mali na madeni, na mkono unaganda hewani. Picha ikirudi, sentensi imeshapita. Mtu anayesikia ataokota neno hapa na pale aunge maana. Kwa anayesikiliza kwa macho, picha ikiganda mwalimu amenyamaza.

Mtihani wa mahojiano ulikuwa Jumatatu: mwalimu anauliza kwa mikono, mwanafunzi anajibu kwa mikono. Picha ikikatika mtihani unafutwa, mwanafunzi anarudia mwaka. Binti alinieleza, bila kulia, kwamba hatarudia. Ataacha. Namjua huyo, akisema ataacha, ameshaacha.

Na chanzo cha yote ni upuuzi mtupu. Nyumbani tunatumia kampuni ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye mji mzima unamwita Bwana Kasi kwa sababu ya matangazo yake. Chuo cha mwalimu kinatumia kampuni ya Mzee Minara. Kampuni hizo hazijaunganishwa popote ndani ya nchi, kwa kuwa wenyewe hawaivi chungu kimoja. Basi mwalimu akiinua mkono, picha yake inavuka bahari, inazunguka huko ng'ambo, ndipo irudi sebuleni kwangu. Watu wazima wawili wamenuniana, mtoto wangu anakosa shule.

Ndipo likaja shirika. Halitafuti faida, linazunguka nchi kama zetu kusaidia kampuni za intaneti zikutane mahali pamoja na kupeana mawasiliano humo humo nchini. Linatoa swichi bure, kisanduku bapa cha chuma chenye safu mbili za matundu ya kuchomekea waya. Kila kampuni inachomeka waya wake, mambo yanakwisha. Chumba walikiomba kwenye chuo cha ufundi ninakosimamia majengo, kwa sababu si kwa Kasi wala si kwa Minara. Niliwapa stoo ya viti vibovu. Niliitoa vumbi, nikasimamia rangi, nikamsumbua fundi wa kiyoyozi mpaka akawa hapokei simu yangu.

Mhandisi wa shirika alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kubembeleza wagonjwa. Alileta fulana, biskuti na vikaratasi vya rangi vya kubandika ukutani. Sharti lake lilikuwa moja, na hakuchoka kulirudia: "Sisi hatuamui. Jumuiya ndiyo inayoamua, na wanachama ndio wanaochomeka waya kwa mikono yao."

Jumuiya yenyewe ilikuwa wanaume wawili na sahani ya biskuti.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Mhandisi alikuwa na ndege jioni, na kama waya zisingechomekwa, kisanduku kingerudi kwenye katoni kiende nchi nyingine iliyokuwa ikingoja zamu. Mafundi walikuwa wamemaliza kila kitu. Waya wa Kasi ulining'inia kushoto, wa Minara kulia. Kazi iliyobaki ungeweza kuifanya huku unapiga miayo.

Mzee Minara akavaa miwani, akainama, akasoma namba zilizoandikwa juu ya matundu.

"Mimi naingia namba moja," akasema.

"Kwa lipi?" shemeji akauliza.

"Kwa umri. Nilipoanza kazi hii wewe ulikuwa unauza kaseti."

"Na wateja wako wote sasa wako kwangu. Namba moja ni yangu, mzee. Hata kwenye tangazo nimeandika hivyo."

Mhandisi akatabasamu. "Ndugu zangu, matundu yote ni sawa. Namba hazina maana yoyote."

"Kama hazina maana, nipeni mimi," akasema Mzee Minara.

"Kama hazina maana, mbona unaing'ang'ania?" akasema shemeji.

Nilimgeukia mhandisi. "Mama, chomeka wewe. Waya huu, waya ule, twende nyumbani."

"Hapana, dada. Lazima wakubaliane. Hata tusipofanikiwa, tumejifunza." Akabandika kikaratasi cha njano ukutani, akaandika: Changamoto.

Tumejifunza! Yeye angejifunza ndani ya ndege, na mwanangu angejifunza nini?

Walibishana hadi kiyoyozi kikaonekana kama kinapuliza moto. Shemeji alipendekeza kura. Wapiga kura wawili, kila mmoja akajipigia. Mzee Minara akasema bora tuahirishe hadi mwezi ujao. Mafundi wao walikuwa wamekaa kwenye korido wakitazama mpira kwenye simu moja, kichwa kwa kichwa, kama watu wasiojua kuwa ni maadui.

Nilimvuta shemeji pembeni. "Jumatatu mwanao ana mtihani. Unalijua hilo?"

"Shemeji, usilete mambo ya familia kwenye biashara. Nikikubali namba mbili, watu watanichukuliaje?"

"Watu gani? Nani atakuja kuchungulia stoo yangu?"

"Itajulikana tu."

Hapo nikaacha kutafuta utu humo chumbani, nikaanza kutafuta dawa. Mhandisi alikuwa ameshaichukua katoni na kuifungua mdomo.

"Jamani," nikasema kwa sauti, "hivi na Waziri tumempangia wapi?"

Wote wawili wakanigeukia.

"Waziri gani?" akauliza Mzee Minara.

"Waziri wa mawasiliano. Siku serikali ikitaka kuunganishwa, aje akute mmekalia namba moja? Mtamwambia asogee?"

Ungeona walivyosimama wima. Wanaume hao wangeng'oana meno kabla ya kupishana, lakini kumpisha mtu ambaye hajaomba, hajui, wala hatakuja, hilo halikuwaletea shida hata kidogo. Kwa heshima kubwa wakaridhia tundu namba moja libaki wazi.

Nikamwinamia Mzee Minara. "Mzee, ukimtoa Waziri, wa kwanza kwa hesabu ni nani? Si namba mbili? Wahi."

Akauwahi waya wake kama kijana, akauchomeka.

Uso wa shemeji ukabadilika. Nikamshika mkono, nikampeleka mbele ya kisanduku. "Tazama vizuri, shemeji. Namba mbili iko safu ya chini, Waziri kamkalia kichwani. Namba tatu iko juu, bega kwa bega na Waziri."

Akatazama, akamwangalia mhandisi.

"Ni kweli," akasema mhandisi, bila kutabasamu safari hii. "Tatu iko pembeni ya moja."

Shemeji akachomeka. Taa za kijani zikaanza kupepesa juu ya waya zote mbili. Mmoja alikuwa amehesabu na mwingine alikuwa ametazama, na kila mmoja alitoka pale akimhurumia mwenzake. Mhandisi akapiga picha, akasema jumuiya imekomaa sana. Nikamwambia awahi ndege yake.

Jumatatu mwalimu akatokea kwenye skrini, vidole vyake vinaonekana hadi kucha. Alikuwa ameshaanza swali la kwanza mlango ulipofunguliwa, akaingia shemeji amevaa fulana ya shirika, simu mkononi, akasimama katikati ya binti na kompyuta ajirekodi.

"Mpendwa mteja," akaiambia simu, "hapa niko na mwanangu, ambaye kwa juhudi zangu…"

Binti akapunga mikono kwa nguvu. Shemeji akageuza simu kumwelekea, ameyeyuka kwa furaha. Tangu mtoto huyo azaliwe, baba yake mdogo hajajifunza hata alama ya neno maji.

"Anasemaje, shemeji? Ananishukuru?"

"Anasema toka hapo, unamziba mwalimu."

"Mfafanulie kwamba ni ya tangazo, itachukua…"

Sikumfafanulia mtu. Nilimshika fulana mgongoni, nikamtoa hadi barazani, nikageuza ufunguo. Niliporudi, binti alikuwa ameshaomba swali lirudiwe, na mikono yake tayari ilikuwa inajibu.