Mstari wa Tatu

"Soma," aliniambia yule afisa, akaisukuma karatasi mpaka ikagusa vidole vyangu. "Kwa sauti. Halafu utuambie kwa Kiswahili."

Ilikuwa mwaka 1973. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mwanafunzi wa udaktari wa lugha za India katika chuo kimoja cha Ubelgiji. Miezi miwili nilikuwa nikivuka daraja la mpakani kutoka kwetu Bukavu kwenda Kamembe, nyumbani kwa Mzee Muderhwa, fundi cherehani. Mzee alikuwa ameshona miaka mingi kwenye baraza ya duka la Premji, Mhindi aliyefunga biashara akarudi kwao. Premji alimwachia sanduku la nakala za barua zake, zote kwa Kigujarati. Mzee hakuweza kusoma hata neno moja, lakini alizifunga katika vitenge viwili akazitunza, kwa sababu ziliandikwa na rafiki yake. Kwangu zilikuwa tasnifu nzima.

Siku hiyo askari walinisimamisha Gihundwe, karibu na Kamembe, wakafungua mkoba wangu. Yale maandishi ya mikunjomikunjo waliona ni ya kijasusi. Mwaka ule watu walichukuliwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Mzee naye, mwenye barua, walimwendea nyumbani, wakamketisha kwenye benchi nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua.

Barua aliyoichomoa afisa nilikuwa bado sijaifikia. Nikaanza. Mstari wa kwanza, salamu kwa ndugu. Wa pili, mvua. Wa tatu: *Wiki hii fundi wangu Muderhwa amevusha watu tisa kwa mtumbwi, amewafunika kwa majora ya vitambaa. Niliwaficha ghalani siku nne.* Tarehe ilikuwa ya Januari 1964, mwezi wa mauaji, na waliowavusha wakimbizi walikuwa bado wasaliti machoni pa serikali.

Jina nililiruka. Mengine niliyasoma kwa Kigujarati hadi mwisho, kwa kuwa sikujua nikinyamaza itakuwaje.

"Kwa Kiswahili."

Walimu wangu walinifundisha nisiguse hata nukta ya mwenye maandishi.

"Anasema vitambaa vyake vimeloa," nikasema. "Na binti yake anaugua surua."

"Vizuri, mademoiselle. Sasa tumwite muntu mwenye anajua."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Jivraj, muuza baiskeli, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Afisa akamrudia maneno yangu, akampa karatasi.

Alisoma polepole. Niliona macho yake yakifika mstari wa tatu, yakasimama. Alikuwa na mke na watoto watatu. Nyuma yangu pumzi ya Mzee haikusikika tena.

"Surua, ndiyo," akasema Bwana Jivraj mwishowe. "Lakini huyu mademoiselle amekosea. Si binti. Ni mtoto mwanaume."

Afisa akacheka mpaka akashika meza. "Na huyu ndiye wanataka kumwita daktari!"

Tukaachiwa, pamoja na mkoba. Bwana Jivraj alishika njia yake bila kugeuka.

Tulipofika nyumbani kwa Mzee, akafunga mlango. "Mwanangu, ile barua ilisema nini?"

"Ilikutaja wewe, Mzee. Na mtumbwi. Na watu tisa."

Alivuta kigoda, akaketi.

"Balikuwa kumi," akasema. "Mumoja alikuwa mugongoni kwa mama yake. Premji hakumuhesabu."

Sikuandika hilo popote. Nilichukua ile barua, nikaitia mwenyewe kwenye mbabula ya makaa, nikasubiri mpaka herufi zote zikawa majivu.

Mwezi uliofuata Bwana Jivraj alifunga duka, akahamia Bujumbura na familia yake. Kabla hajaondoka nilikuja Kamembe mara nne, na mara zote nne nilizunguka njia ya nyuma nisipite mbele ya duka lake. Sikumshukuru. Niliogopa mtu asije akatuona tukiangaliana.