Ndege Iliyonukia Mnanaa

"Mkono huu," Injinia alisema, akiunyoosha juu ya sahani kama mtu anayeapishwa, "hautetemeki. Nipe kazi ndogo kuliko zote duniani. Nipe punje ya mchanga niichonge pua, nitakuchongea na matundu yake."

Hakuna aliyekuwa ameomba pua ya mchanga. Mazungumzo ya mezani yalikuwa ya mjomba wake, fundi wa meno ya bandia, aliyekuja kumjulia hali mama yake mzazi, bibi yake Injinia, na kulalamika kidogo kwamba msaidizi wake ameondoka kwenda kufungua karakana yake mwenyewe. Alikuwa akitafuta kijana mwenye mkono uliotulia. Basi. Injinia alikuwa amemaliza sekondari na kukaa nyumbani kiasi cha kuzijua kwa sura nyufa zote za dari ya sebuleni. Aliposikia neno "kijana" tu, kifua kilimpanda.

Jina lenyewe la Injinia alipewa na dada yake, na halikuwa sifa. Alilipata siku alipoifungua pasi ya umeme ili "aisafishe kidogo tu". Pasi hiyo bado imo kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda chake, ikisubiri siku ya kufufuliwa.

"Mjomba, usimsikilize," alisema dada yake. "Huyu akifunga kamba za viatu lazima apumzike."

"Wivu huo. Kipaji hakigawanywi, ungeomba wakati kinatolewa."

"Mwache mume wangu," alisema bibi kutoka kwenye kiti chake cha mikono, maana ndivyo anavyomwita mjukuu wake kwa utani tangu akiwa kwenye nepi. "Ana mikono mizuri. Sijawahi kuona ikifanya kazi, lakini ni mizuri."

Mjomba hakucheka. Alikuwa mtu wa kutafuna polepole, na kila aliyezungumza naye, yeye alimtazama kwanza mdomoni ndipo akapanda machoni, maradhi ya kazi yake. Aliinuka, akatoka mpaka garini, akarudi na boksi. Juu ya boksi kulichorwa ndege ya kivita ya zama za vita kuu, injini moja, rubani mmoja, imelala ubavu mawinguni inatema moto.

"Wasaidizi wangu wote huanzia hapa," alisema. "Ndege haina mdomo wa kulalamika. Mteja anao, tena ndio anaokuletea. Iunge, ipake rangi, niletee karakanani Jumamosi. Uifanye peke yako, na kwa vilivyomo humo ndani. Nikiipenda, Jumatatu unaanza kazi."

"Jumamosi mbali, mjomba. Nitakuletea kabla."

"Usiniletee kabla," alisema mjomba, akarudi kwenye chakula chake.

Injinia alipolifungua boksi alitarajia kukuta ndege. Alikuta fremu za plastiki ya kijivu zenye vipande vilivyoning'inia kama nguo kwenye kamba, vingine vidogo kama mguu wa sisimizi, makopo madogo ya rangi, brashi, chupa ya gundi, na karatasi iliyokunjwa yenye picha na mishale bila neno hata moja. Aliitazama karatasi ile, akaona ni msaada kwa watu wasio na kipaji, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai ili meza isichafuke.

Alianza na rubani, kwa sababu ndiye aliyempendeza. Rubani alikuwa na ukubwa wa punje ya maharage. Injinia alimvisha koti la kahawia na skafu nyeupe, kisha akang'oa unywele mmoja wa brashi akamchorea masharubu. Na hapa tumtendee haki: rubani alitoka vizuri. Mtu ungeweza kumpa mkono. Alimkalisha juu ya kisahani akauke, akachukua nusu mbili za kiwiliwili cha ndege, akazipaka gundi, akazibana kwa mipira ya kufungia, huku akipiga mluzi wa fundi anayejua bei yake.

Dada yake alipita na ndoo.

"Huyu ni nani?"

"Rubani."

"Mbona yuko nje?"

Injinia aliangalia kisahani. Rubani naye alimwangalia, na masharubu yake. Injinia aliangalia ndege. Gundi ilikuwa imeshakauka kama kiapo.

"Anasubiri injini ipate moto," alisema.

Dada alipoondoka, alijaribu kumwingiza kwa kichwa. Akajaribu kwa miguu. Akajaribu kwa ubavu, kama mtu anayepitisha kabati mlangoni, lakini mabega hayakukubali. Mwisho rubani alistaafishwa kwa heshima kwenye droo ya vijiko, na Injinia akakifunika kiti kitupu kwa kile kioo chembamba cha juu. Ili kisitoke alikitia gundi ile kali ya kugandisha viatu, aliyoitoa kwenye kabati la baba yake. Tone moja la kushika, jingine la uhakika, na la tatu la roho kutulia. Alipoangalia tena, mvuke wa gundi ulikuwa umekipaka kioo ukungu mweupe, utadhani kuna mtu ndani anaoga maji ya moto.

Aliusugua kwa kidole, haukutoka. Kisha akatabasamu. Kwa ukungu ule, nani angejua kwamba ndani hamna mtu? Alijisifu kwa sauti, maana hakukuwa na mwingine wa kumsifu: kosa la pili lilikuwa limeficha la kwanza, na hiyo nayo ni aina ya ufundi.

Bawa la kulia liliingia vizuri, likamvimbisha kichwa. Bawa la kushoto alilishika kwa mkono uleule uliokuwa na gundi ya viatu, na alipotaka kuliachia, bawa lilikataa kuachwa.

"Dada!"

"Abee."

"Njoo mara moja."

"Sema shida yako nikiwa huku."

"Kidole gumba kimekuwa sehemu ya ndege."

Alikuja, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaleta maji ya vuguvugu na sabuni, akakibembeleza kidole kile taratibu mpaka kikatoka na ngozi yake karibu yote. Juu ya bawa kulibaki alama ya kidole, mistari yote kamili, safi kama ile ya kwenye kitambulisho.

"Iache hivyo," dada alimwambia. "Ikipotea, polisi watajua ni ya nani."

Hakuiacha. Alisubiri dada aende sokoni, akachukua kichupa chake cha dawa ya kutolea rangi ya kucha, akalowesha pamba na kusugua. Alama ilitoka. Nayo plastiki ikatoka. Bawa lililainika kwenye shina kama mshumaa uliosahauliwa juani, na lilipogeuka gumu tena lilikuwa limejikunja kidogo na kupungua kidogo, na kati yake na kiwiliwili kukawa na mwanya ambao panya mwenye adabu angepita bila kuinama.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unajua. Alishamwambia kinyozi, alishamwambia muuza magazeti, alishawaambia wale vijana wa uwanjani kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa mtu wa maabara. Alishaazima pasi ya jirani na kunyoosha koti jeupe, likawa limetundikwa nyuma ya mlango likimtazama. Na zaidi ya hayo yote, alikuwa amechoka kuulizwa kila asubuhi "Leo unafanya nini?" na watu waliokwishavaa viatu. Kazi ile aliitaka. Aliitaka kuliko alivyojua kusema, ndiyo maana alikuwa akisema mengine.

Alikwenda kuosha uso bafuni. Pale kwenye rafu, kando ya kikombe cha meno ya bibi, kulikuwa na tyubu ya gundi ya meno, ile nzito ya waridi inayoshikiza meno ya bandia kwenye ufizi. Aliifungua. Ilinukia mnanaa.

"Kama inayashika meno ya bibi," alijiambia, "na bibi anavyoongea, itashindwaje na bawa lisilosema kitu?"

Alirudi mezani. Bibi alikuwa kitini mwake akisinzia baada ya chakula cha mchana, kichwa upande, mdomo wazi. Injinia alilikamulia bawa gundi mpaka tyubu ikakunjamana, akasawazisha kwa kijiko, akapaka juu yake mabaka ya kijani na kahawia. Mabaka yalitoka mazito hapa, membamba pale, na moja liliteleza mpaka kwenye gurudumu. Lakini ukisimama mlangoni, ukafumba jicho moja, na ukawa unampenda aliyeitengeneza, ilikuwa ndege.

Jumamosi aliipeleka mwenyewe, ameikumbatia kifuani ndani ya boksi la viatu, akitembea kama mtu aliyebeba mayai ya watu.

Karakana ya mjomba ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye vumbi jeupe la plasta. Rafuni walipangana watu wa midomo tu, taya za plasta, wote wakicheka. Mjomba alikuwa ameinama juu ya meno ya mtu, miwani ya kukuza machoni, taa ya mkono mrefu ikiwaka karibu na sikio lake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Weka hapa."

Aliiweka, upande wa kulia ukimwelekea mjomba. Mjomba aliigeuza, upande wa kushoto ukamwelekea yeye, kisha akaivuta taa karibu. Hata taya za rafuni zilionekana kungoja.

"Kioo hiki mbona kina ukungu?"

"Ndege imetoka mawinguni, mjomba. Nilitaka ionekane iko kazini."

"Mm. Na rubani?"

"Yumo. Ukungu tu."

"Bawa hili limepinda."

"Hilo lilipigwa. Vita, mjomba. Ningeitengeneza nzima, watu wangesema haikwenda popote."

Mjomba alisogeza pua, akavuta hewa. Akavuta tena.

"Inanukia."

"Mnanaa? Pengine ni rangi."

"Sijasema mnanaa," alisema mjomba.

Taa ile ilikuwa ya moto, na gundi ya meno haikutengenezwa kwa ajili ya taa. Bawa la kushoto lilianza kuinama taratibu, kama mjumbe anayesinzia kikaoni anayedhani hakuna anayemwona. Wote wawili walilitazama likishuka.

"Inajiandaa kutua," Injinia alisema.

Mjomba alivua miwani ya kukuza. Bila miwani ile macho yake yalikuwa madogo na yenye huruma, na hilo lilimtisha Injinia kuliko kelele yoyote.

"Nisikilize. Sikuulizi kama ni nzuri. Macho ninayo. Nakuuliza jambo moja tu, na nafasi yako imo humo. Kuna kitu chochote hapa ambacho hakikutoka kwenye boksi?"

Injinia alifikiria lile koti nyuma ya mlango. Alifikiria asubuhi ya Jumatatu na watu wenye viatu. Ulimi ukamtangulia.

"Hakuna, mjomba. Hata chembe."

Mlango ulisukumwa. Aliingia bibi, ameshikwa mkono na dada, leso mdomoni.

"Mama!" Mjomba aliinuka. "Shikamoo. Kuna nini tena?"

"Marahaba, mwanangu." Bibi alitoa leso, na meno yakamgonga kama vikombe kwenye trei. "Nimekuja unipe gundi nyingine. Meno yananicheza. Jana yameangukia kwenye chai mbele ya wageni, na wageni wakasema hawataki tena chai."

"Lakini nimekuletea tyubu mpya juzijuzi tu. Imekwisha?"

"Haikuisha. Muulize mume wangu huyo." Bibi alinyoosha kidole, kwanza kwa Injinia, kisha kwa ndege. "Aliikamua yote hapo kwenye bawa, akailainisha na kijiko changu cha dawa. Kijiko chenyewe hakukiosha."

"Bibi, wewe ulikuwa umelala!" Injinia aliropoka, na neno lilipotoka alitamani kulirudisha kwa mikono miwili.

"Nilifumba macho. Nilitaka nione utaishia wapi."

Dada alijigeuza ukutani, mabega yakimtikisika. Mjomba alimtazama mpwa wake mdomoni, pale ile "hata chembe" ilipotokea. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mama, wewe ndiye mteja uliyeibiwa, uamuzi nakuachia wewe. Nimchukue, au nimrudishe nyumbani?"

Injinia alimtazama bibi. Hakuthubutu kusema kitu, na hilo lilikuwa jambo jipya kwake. Bibi alijishindilia meno kwa kidole gumba, akamkagua mjukuu wake tangu vidoleni mpaka utosini kama anayenunua kiti.

"Mchukue," alisema. "Akizidi kukaa nyumbani atatumaliza sote. Lakini meno yangu asiyaguse."