Mwalimu wa Vyuma wa Garsen

Watu wa Garsen walikwisha amua kwamba vyuma vile vya kunyanyua, ambavyo serikali ilikuwa ikivileta, ni vya Komora. Nani mwingine? Yeye ndiye aliyevuta kamba ya kivuko, na wenzake walipougua homa aliivuta peke yake, lori likiwa juu. Wanawake waliokuja kuchota maji walimtazama, naye alijua kwamba anatazamwa. Mtu hawezi kuwa na kifua cha namna ile asijue.

Basi serikali ilipomtuma Bwana Mahmud, mtu wa Lamu aliyejifunza mazoezi jeshini, aje afundishe kuvinyanyua Jumamosi na Jumapili, ikasemwa kwamba atakayefuzu kuwashinda wenzake ndiye atakayeachiwa vyuma awe mwalimu wa wenzake. Komora hakungoja hata lori la vyuma lifike. Alimwambia mkewe, Tuneya, afagie pembe ya ua. Vyuma vingelala pale.

Jumamosi asubuhi walikutana uwanjani, nyuma ya maduka. Walikuwapo watu wa Ndera, Pekeshe wa Kau, na mwisho akaja Galgalo, Mworma mwenye ng'ombe zake ng'ambo ya mto, mwembamba, shuka begani. Komora alipomwona alicheka waziwazi.

"Ndugu yangu, hapa hatukami maziwa."

"Mimi nakuja tazama," akasema Galgalo, akachuchumaa mbele kabisa.

Bwana Mahmud alieleza: miguu ikae hivi, mgongo unyooke, chuma kipandishwe karibu na mwili, macho mbele. Komora alipiga miayo. Tangu utoto alibeba magunia ya mpunga na kuburuta mitumbwi kutoka msituni. Leo afundishwe kuinama? Zamu yake ilipofika aliomba chuma kizito kuliko vyote, akakivuta kwa mgongo na hasira. Kilifika kifuani. Kutoka hapo hakikwenda popote. Kisha chuma kikarudi chini kwa kishindo mbele ya Garsen nzima.

Galgalo naye hakufua dafu. Chuma chepesi kuliko kile kilimshinda kabla ya kufika kidevuni. Komora akapata nafuu kidogo. Lakini nafuu haikudumu. Mtu mmoja wa Ndera alipokwama, Galgalo alimsogelea, akamgusa goti, akamwambia, "Hapa kwanza. Mkono baadaye." Mtu yule akajaribu tena, na chuma kikaenda juu.

"Mwoneni huyu," akasema Bwana Mahmud. "Huyu ana jicho. Mwalimu ni jicho, si misuli."

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," akanong'ona Komora, lakini hakuna aliyecheka. Roho ilimchonyota. Angesifiwa Pekeshe angevumilia. Lakini huyu, ambaye mkono wake mtu angeuzungushia vidole viwili?

Jioni Tuneya alimwekea wali na samaki. "Nasikia Galgalo anafundisha vizuri," akasema, hana nia mbaya. Komora akasukuma sahani. Wivu ni kidonda, na mkewe alikuwa amekitia chumvi bila kujua.

Jumapili Bwana Mahmud alitangaza mtihani. Kila mmoja angemfundisha mwenzake hadi ainue chuma kilichomshinda jana. Mwanafunzi akiinua, mwalimu wake amefuzu. Akishindwa, mwalimu ndiye aliyeshindwa. Komora na Galgalo waliwekwa pamoja, kila mmoja amfundishe mwenzake.

Komora alianza. Kosa la Galgalo aliliona mara moja: alikuwa akitazama miguu yake, na chuma kikimvuta mbele. Neno moja lingetosha. Inua macho. Neno lilimjia hadi ncha ya ulimi. Kisha akamwona moyoni Galgalo katikati ya uwanja ule, chuma juu ya kichwa, watu wakimshangilia, akalimeza.

"Vuta tu," akamwambia. "Vuta kwa nguvu."

Galgalo akavuta, akashindwa. Bwana Mahmud akatikisa kichwa. Ndipo Komora alipotambua kwamba amejikata mwenyewe. Uchungu wake ukageuka kuwa hesabu nyingine: Pekeshe alikwisha fuzu, ingawa kwa chuma chepesi. Galgalo naye akishindwa, vyuma vitakwenda Kau. Na viende. Heri Kau kuliko nyumba ya Galgalo.

Ikawa zamu ya Galgalo kufundisha. Alimpanga Komora miguu, akamnyoosha mgongo kwa kiganja, taratibu. Komora alifuata kila kitu, maana alikuwa ameamua kukiangusha chuma, na alitaka kuanguka kwake kuonekane kwa kweli. Chuma kikapanda kifuani kwa wepesi uliomshtua. Hapo akasimama. Ilibaki alegeze mikono tu.

Galgalo aliinama sikioni mwake.

"Wewe hutaki. Mimi naona. Kwetu ng'ombe ikilala kwa njaa, sisi tunashika mkia, tunashika bega, tunangoja. Kama yeye hataki kusimama, watu kumi hawawezi. Basi angusha. Lakini angusha mbele, usije ukaumiza mgongo."

Akarudi nyuma, akangoja.

Komora alitamani atukanwe. Matusi angejua la kuyafanyia. Mtu huyu alijua kila kitu, pengine hata lile neno alilolimeza, na bado alikuwa akiulinda mgongo wake. Aibu ilimpanda kutoka nyayoni, na wivu ukapanda nayo, vikamjaa mwili mzima hadi hakukuwa na nafasi ya kulegea. Akakaza magoti. Chuma kikaondoka kifuani, kikapita uso wake, kikasimama juu, mikono imenyooka.

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Komora alitazama mbele, kama alivyofundishwa, kwa hiyo aliona vizuri. Watu walikuwa wakimkimbilia Galgalo. Tuneya naye, upande wa wanawake, alikuwa amemwelekea Galgalo, akipiga makofi.

"Vema. Shusha," akasema Bwana Mahmud.

Komora hakushusha. Maadamu kilikuwa juu, kilikuwa chake. Kikigusa ardhi kitakuwa cha Galgalo, kesho na keshokutwa, na yeye atakuwa mwenye kifua tu, anayevuta kamba.

"Bwana, shusha," Mahmud akarudia.

Mabega yalimwaka moto. Jasho likamwingia machoni. Makofi yakafifia, watu wakaanza kutazamana. Galgalo akatoka katikati ya waliomzunguka, akaja akasimama mbele yake.

"Inatosha," akasema. "Kunja goti kwanza. Pole pole."

Komora akakunja goti kwanza, pole pole, kama alivyoambiwa na mwalimu wake.