Jino la Shangazi na Sahani ya Wageni

Tangu jino lake la mbele livunjike, Shangazi alikuwa akicheka na kiganja mdomoni, na kicheko cha Shangazi si kitu cha kufunikwa jamani. Ndiye aliyemlea Flashi, mpiga picha aliyebatizwa jina hilo na wateja wa studio yake. Jumamosi Flashi alikuwa anaolewa, na Shangazi alishakata shauri: bila jino, haji.

"Nikakenue pengo mbele ya wakwe? Thubutu!"

Fundi wa meno alikuwa mji mwingine. Kipimo cha mdomo alikuwa nacho, kilichobaki ni picha ya meno mengine, apate rangi ya kulifananisha jino jipya. Flashi aliona ni kazi ndogo. Lakini Shangazi aligoma katakata kutoka nje kwenye jua, eti majirani wamhesabie meno. Basi wakapigia sebuleni, chini ya balbu ya manjano.

Picha ilipomfikia, fundi akapiga simu. "Dada, hili ni jino au punje ya mahindi ya njano?"

Flashi alitahayari. Anapiga picha za watu kila siku, halafu anashindwa na mdomo wa shangazi yake! Akaizima balbu, akabakiza taa moja tu nyeupe ya ukutani, kwa kuwa taa mbili za rangi mbili huivuruga kamera. Akamvua Shangazi mtandio wa kijani uliokuwa ukimtupia rangi shavuni.

"Sasa nipe kitu cheupe. Kamera haijui nyeupe mpaka ionyeshwe."

Shangazi akafungua kabati, akatoa sahani ya wageni, ile isiyoguswa ovyo. Flashi akaionyesha kamera, akairekebisha, akapiga. Meno yakatoka ya bluu, kama ya mtu aliyekunywa wino.

Flashi alitaka kulia. Fundi alishasema picha isipofika leo, jino halitawahi harusi. Akaitazama sahani, akachomoa karatasi mpya mkobani na kuilaza juu yake.

"Shangazi, sahani yako si nyeupe."

"Si nyeupe? Nimeinunua nyeupe, nimeiosha nyeupe, wageni wamekula nyeupe! Usinivunjie heshima, mwanangu."

Wakati Shangazi akifoka, Flashi alikuwa akiionyesha kamera ile karatasi. Shangazi akainama kuhakikisha. Karatasi ilikuwa nyeupe pe. Sahani ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na kamera iliyoambiwa hiyo ndiyo nyeupe ilikuwa imetia bluu kuifidia.

"Uwii! Na nilivyowaringia watu!"

Kikamtoka kicheko, kile chenyewe cha zamani, na kiganja kikasahaulika mapajani. Flashi akabonyeza.

"Hapo sasa," fundi akasema simuni alipoipata picha. "Ila haya ni meno ya mnywaji chai. Nimtengenezee jeupe zaidi kidogo?"

Shangazi akaipokonya simu. "We fundi, liwe kama wenzake. Sitaki mgeni mdomoni."

Jumamosi Shangazi alisimama kando ya bi harusi wake, Flashi, akacheka mpaka wakwe wakageuka. Flashi akawa anamkodolea macho.

"Unatafuta nini mdomoni mwangu?"

"Jino la fundi. Silioni."

"Hata mimi nishalisahau," Shangazi akasema, akacheka tena, mikono yote miwili ikiwa mabegani mwa binti yake.

Picha waliyopigwa wakati huo imetundikwa studioni. Bi harusi ana macho mekundu kwa kulia, wanja umemshuka mashavuni, na Flashi mwenyewe hajagusa rangi hata moja.