Alumini Ndani ya Kuta

Kwa viangazi vitatu mfululizo mke wangu Eirlys alisimama kwenye mvua akiongea kwa simu na binti yetu Lowri, anayeishi Kanada. Alipanda juu ya lile jiwe pana lililo kwenye lango la shamba la Guto, mkulima anayetukodishia uwanja wa karavani, ambako zamani wakulima waliweka madebe ya maziwa, akaziba sikio moja kwa kiganja, akapaza sauti kana kwamba Kanada iko ng'ambo tu ya ghuba. Kondoo walimzoea. Majirani zetu uwanjani pale walimzoea pia, na walipokwenda kutupa takataka walimpungia mkono bila kumkatiza. Mimi nilimtazama kupitia dirisha la jikoni, kikombe cha chai mkononi, mwili mkavu, miguu imepata joto.

Karavani letu ni kijumba cha bati chenye vyumba viwili na magurudumu ambayo hayajazunguka tangu lilipoletwa. Tulilinunua nilipostaafu kufundisha useremala, baada ya miaka thelathini na minne ya misumeno, nyundo na watoto wa watu wanaopigiana kelele. Sikutaka kitu kingine duniani ila utulivu. Eirlys alitaka joto, maana mifupa yake haivumilii baridi, na mwezi wa Mei huku kwetu kwenye rasi ya Llŷn hauna huruma na mtu. Basi majira yale ya kwanza nikazifunika kuta zote kwa ndani, na dari pia. Niliweka vipande vya sponji ngumu vyenye karatasi ya alumini pande zote mbili, kisha juu yake nikapigilia mbao nyembamba za msonobari. Kazi ilinichukua wiki sita. Najua kujisifu si vizuri, lakini hata leo huwezi kupitisha wembe kwenye maungio yale. Siku ya kwanza Eirlys alivua sweta, akaja nyuma yangu akanibusu shingoni.

Jioni ile ile simu yangu ilinyamaza. Kabla ya hapo tulikuwa tunapata mtandao kidogo pale dirishani, wa kutosha kumsikia Lowri usipopumua kwa nguvu. Sasa hapakuwa na kitu. Nilitoka nje na simu ikafufuka. Nikaingia ndani ikafa. Mtu aliyefundisha mafundi wa nusu ya wilaya hahitaji kuelezwa alumini inafanya nini kwa mawimbi ya simu. Nilielewa palepale, nimesimama mlangoni, na nasema ukweli wangu: nilifurahi. Eirlys alipolalamika, nilimwambia ni kampuni ya simu, kwani ni lini waliwahi kutujali sisi wa pembezoni. Akaniamini. Wiki iliyofuata alinunua koti la mvua.

Kiangazi cha tatu, Lowri alikuwa na mimba ya miezi saba. Jioni moja ya Agosti Eirlys alikuwa ameshavaa buti aende langoni, mvua inapiga kwa ubavu, nami nikamsihi apumzike kwa siku moja tu. Lowri hana shida, nilisema, ana daktari mzuri, njoo tucheze karata. Akavua buti. Tukacheza, tukala mkate wa zabibu wenye siagi nene, na alicheka hadi akashika mbavu aliponikamata nikiiba karata. Sijapata kumwona mwenye furaha kiasi kile tangu hapo. Asubuhi alipanda juu ya jiwe akakuta simu kumi na moja ambazo hazikupokewa. Mtoto alikuwa amezaliwa amekufa. Mume wa Lowri alikuwa kazini mbali kaskazini, na binti yetu alikuwa amelala hospitalini peke yake akimpigia mama yake, mara kumi na moja.

Eirlys hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alifungasha vitu vyake kimyakimya, tukarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena karavani. Viangazi viwili nilikuja peke yangu nikaupata utulivu wangu wote niliokuwa nautaka, kiasi cha kutosha na kubaki. Nilikuwa naosha kikombe kimoja na sahani moja. Nilianza kuzungumza na birika.

Ndipo mwaka huu nikamwita Sioned, ambaye kazi yake ni kufunga antena kwenye mashamba na makaravani ya pwani nzima. Nilimfundisha akiwa na miaka kumi na tatu. Alikuja na ngazi na nguzo ya chuma, akazunguka nje mara mbili akitafuta upande wa mnara wa simu, kisha akaingia ndani na kifaa chake cha kupimia. Alikitazama, akakigonga, akakitazama tena. Akagonga ukuta.

"Mwalimu, humu ndani umeweka nini?"

Nikamweleza.

Akacheka. "Basi umejifungia kwenye sufuria, ukafunika na mfuniko. Hata tukipandisha nguzo mpaka mbinguni, bila kutoboa tundu la waya hupati kitu. Na wewe hukujua? Wewe uliyeninyima alama za stuli kwa sababu mguu mmoja ulipungua kwa unene wa kucha?"

"Nilijua," nikasema.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote neno hilo. Sioned alikuwa ameinama kuchukua mashine ya kutobolea, akabaki hivyo hivyo ameinama. Wote huku wanajua habari za Lowri.

"Mama Eirlys anajua?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Hakuniuliza zaidi. Alitoboa ukuta wangu karibu na dirisha, akapitisha waya, na vumbi la alumini likamwagika juu ya meza. Kabla ya kuondoka alinionyesha taa za kile kisanduku cha intaneti, zote za kijani, akaniambia kitashika hata bahari ikichafuka namna gani. Chai hakutaka.

Nilikuwa nimepanga vizuri, au nilidhani hivyo. Ningeweka intaneti, ningemwita mke wangu, angerudi, na yale mengine yangebaki ndani ya kuta yalipo. Nilifuta vumbi mezani. Saa kumi alasiri nikampigia simu ya video. Alitokea akiwa sebuleni, miwani juu ya paji la uso, akisogeza simu karibu na pua kama afanyavyo siku zote.

"Idwal? Uko wapi wewe?"

"Karavani. Nimekaa kwenye kiti chako."

"Ndani?"

"Ndani kabisa."

Nikaizungusha simu aone birika, pazia lake, bahari dirishani. Aliweka mkono mdomoni. Kisha akaniomba nimwonyeshe bahari tena.

"Unajua mimi kinachonipa usingizi ni nini?" akasema. "Kila siku najiambia, Eirlys, hata kama usingecheza karata, hata ungekaa na simu mkononi usiku kucha, humo ndani netiweki haifiki. Haikuwa kosa la mtu. Ndivyo ninavyojiambia." Akashusha miwani akaivaa. "Nitakuja Ijumaa, mzee wangu. Tutampigia Lowri tukiwa hapo, naye aione bahari."

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka kwa viangazi viwili. Nilipaswa kusema sawa, nitakungoja kituoni, nitanunua samaki. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alikuwa ananitazama kwa uso ule ule wa kuniamini alionitazama nao siku alipokwenda kununua koti, na nikaona kwamba akija Ijumaa nitalala kando yake ndani ya kuta zile kila mwaka mpaka mmoja wetu afe.

"Eirlys, haikuwa netiweki. Ni kuta. Ni ile alumini niliyoiweka mimi."

"Hukujua, Idwal."

"Nilijua tangu jioni ya kwanza. Nilijua, na nikapenda iwe hivyo. Nikakuacha usimame mvuani."

"Hata jioni ile ya karata?"

"Hata jioni ile."

Uso wake ulisimama. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, macho hayapepesi, wala bega halichezi. Nikadhani picha imeganda, na Mungu anisamehe, niliomba iwe imeganda. Nilitazama kisanduku: taa zote za kijani. Nikaita jina lake mara mbili. Kisha nyuma yake paka wetu akaruka juu ya mgongo wa kochi, akatembea taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, akajilamba mguu, akashuka. Eirlys alikuwa bado ananitazama.